Nani Mwenye Njia ya Habari? Magazeti na Makampuni ya Waya Tangu 1855

Katika mijadala ya siku hizi juu ya vyombo vya habari, makada wengi husema kwamba magazeti yanauawa na teknolojia mpya. Kauli hiyo inaficha jambo la msingi. Mashine haina tamaa. Mwenye mashine ndiye mwenye tamaa. Tukitaka kuelewa kwa nini gazeti linalomlipa mwandishi nauli ya kwenda kijijini kutafuta habari linafilisika, huku kampuni isiyomtuma mtu popote ikitajirika kwa habari hiyo hiyo, lazima tuulize swali ambalo historia imekwisha kuliuliza mara nyingi: nani anaimiliki njia ambayo habari hupitia kumfikia msomaji? Makala haya yanaangalia zaidi mapambano ya Uingereza ya karne ya 19, kwa sababu huko mambo yalijitokeza waziwazi, kisha tutayapima mapambano ya leo kwa kipimo hicho.

Kabla ya 1855 gazeti la Uingereza lilitozwa ushuru wa stempu, ushuru ambao watawala waliutumia kulifanya gazeti kuwa ghali na kumweka mfanyakazi mbali nalo. Ushuru huo ulipofutwa mwaka 1855, na ule wa karatasi mwaka 1861, magazeti ya kila siku yalichipuka katika miji ya viwanda. Manchester Guardian, lililokuwa likitoka mara mbili kwa wiki, likawa la kila siku mwaka huo huo wa 1855. Lakini gazeti la kila siku huhitaji habari za kila siku, na habari za Bunge, za masoko na za nchi za nje zilikuwa London. Njia ya kuzifikisha mikoani usiku ule ule ilikuwa moja tu: waya wa telegrafu. Na waya ulikuwa mali ya makampuni binafsi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Makampuni ya telegrafu hayakuridhika na kutoza nauli ya kupitisha habari za wengine. Yalianzisha idara zao wenyewe za kukusanya habari, yakawa yanaziuza kwa magazeti ya mikoani kwa bei na kwa kipimo yalichokitaka yenyewe. Mhariri wa Leeds au Manchester alipokea kifurushi kile kile alichopokea jirani yake, kimejaa makosa, mara nyingi kimechelewa, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kampuni moja, United Kingdom Telegraph Company, ilikuwa imeleta nauli nafuu ya shilingi moja mwaka 1861 ili kuvuta wateja. Mwaka 1865 makampuni makubwa yalikaa pamoja, yakapatana bei, na nauli ile nafuu ikafutwa. Ushindani ambao waandishi wa uchumi wa kibepari walikuwa wakiusifu ulidumu miaka minne.

Wenye magazeti walifanya nini? Wao pia walikuwa mabepari, tena wakishindana wenyewe kwa wenyewe katika kila mji, na wangeweza kila mmoja kwenda peke yake kuomba punguzo. Badala yake, mwaka 1868, magazeti ya mikoani yalianzisha Press Association, shirika la ushirika ambalo wanachama wake ndio wateja wake. Liberali na Wahafidhina waliketi meza moja. John Edward Taylor wa Manchester Guardian alikuwa mmoja wa viongozi wa harakati hizo. Wakati huo huo waliunga mkono mpango uliosukumwa na ofisa wa Posta, Frank Ives Scudamore, wa kuzifanya telegrafu zote za nchi kuwa mali ya serikali. Sheria ilipitishwa mwaka 1868, na mapema mwaka 1870 Posta ikachukua waya. Wenye magazeti walihakikisha kwamba nauli ya habari inaandikwa ndani ya sheria yenyewe: shilingi moja kwa maneno 100 usiku, au maneno 75 mchana, na nyongeza ya peni mbili tu kwa kila gazeti la ziada linalopelekewa habari ile ile. Peni mbili hizo ndizo zilizoujenga ushirika, kwa kuwa kadiri magazeti yalivyojiunga kupokea habari moja, ndivyo kila moja lilivyolipa kidogo.

Tusiwapambe watu hawa kuliko wanavyostahili. Wenye makampuni walilipwa fidia kubwa, zaidi sana ya makisio ya kwanza, na nauli nafuu ya magazeti iliiletea Posta hasara kwa miaka mingi. Yaani mlipa kodi aliyabeba magazeti. Wanafunzi wetu hupenda kuuliza kama hiyo ilikuwa haki. Jibu letu ni kwamba hapakuwa na njia ya bure. Hata chini ya makampuni mwananchi alikuwa analipa, ila alilipa bila kuulizwa na alipata habari mbovu.

Marekani ilifuata njia tofauti, nayo inafundisha kwa upande wake. Associated Press ilianzishwa mwaka 1846 na magazeti ya New York yaliyochangia gharama za kupata habari. Western Union ilipozimeza kampuni nyingine mwaka 1866, Associated Press haikupigana nayo. Ilipatana nayo: habari zake zipite kwa nauli ya upendeleo, na gazeti lisilo mwanachama libaki nje likihangaika. Ushirika ukageuka ngome ya waliokuwamo. Ilichukua hadi mwaka 1945 kwa Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba kanuni za Associated Press za kuwazuia washindani wa wanachama wake kujiunga zilivunja sheria. Kada anayesoma habari za vyama vya ushirika hatashangazwa na jambo hilo.

Kwa upande wetu wa dunia, mwaka 1870 ndio mwaka ambao Reuters, Havas na Wolff waligawana dunia kwa mkataba, kila mmoja na eneo lake, kama makoloni yalivyokuja kugawanywa baadaye. Waya wa baharini wa kampuni ya Kiingereza ulifika Zanzibar mwaka 1879, kutoka Aden kuelekea kusini. Waya huo haukuwekwa ili Zanzibar ijue habari za Msumbiji. Ndiyo maana Tanzania iliunda SHIHATA mwaka 1976, na nchi za Afrika zikaanzisha PANA mwaka 1979. SHIHATA haipo tena leo, lakini swali lililoizaa halijafa.

Sasa tuje kwenye makampuni ya leo. Tofauti kubwa ni hii: kampuni ya telegrafu ilitoza nauli, lakini haikugusa matangazo. Gazeti la Manchester liliuza nafasi kwa mwenye duka na mwenye nyumba ya kupangisha, na fedha hizo zilimlipa mwandishi. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, na Facebook ya mwaka 2004, zimeshika njia, zimeshika msomaji, na zimeshika soko la matangazo. Mnamo Aprili 2025 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliamua kwamba Google ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika mitambo ya kuuzia matangazo ya tovuti. Mwenye barabara amekuwa pia dalali wa sokoni, tena anayemwakilisha mnunuzi na muuzaji kwa pamoja.

Mapambano ya kwanza yalishindwa. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2013 ikiwapa wachapishaji haki ya kulipwa. Google ikasema italionyesha kikamilifu gazeti linalokubali kutolipwa tu. Axel Springer, mchapishaji mkubwa kabisa wa nchi hiyo, alijaribu kukaza kamba, wasomaji waliotoka kwa Google wakapungua vibaya, na Novemba 2014 akasalimu amri. Hispania ililazimisha malipo mwaka 2014, na Google ikafunga huduma yake ya habari huko hadi 2022.

Australia ilijifunza. Sheria yake ya 2021 iliruhusu magazeti kujadiliana kwa pamoja, na ikaweka mwamuzi endapo kampuni itakataa kupatana. Februari mwaka huo Facebook ilizima habari zote nchini humo, pamoja na kurasa za huduma za afya na za dharura. Siku chache baadaye, baada ya serikali kulegeza vipengele fulani, ikarudi mezani. Mikataba ikasainiwa. Lakini mwaka 2024 Meta, mmiliki wa Facebook, ilitangaza kwamba haitaihuisha. Canada nayo ilipitisha sheria mwaka 2023. Google ikakubali kutoa dola milioni 100 za Canada kwa mwaka, na Meta ikaziondoa habari kabisa kuanzia Agosti. Mwezi huo huo moto wa misitu uliwahamisha watu wa Yellowknife, nao wakawa hawawezi kupeana habari za gazeti kuhusu moto huo kwenye Facebook isipokuwa kwa kuzipiga picha. Hatuhitaji ushahidi mwingine kuonyesha mamlaka ya mwenye njia ni kiasi gani.

Barani kwetu, tume ya ushindani ya Afrika Kusini ilipendekeza Februari 2025 Google ilipe kati ya randi milioni 300 na 500 kwa mwaka. Taarifa ya mwisho ya Novemba ilikuja na kifurushi cha randi milioni 688 kwa miaka mitano. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Ukilinganisha haya yote na mwaka 1868, utaona kwamba fedha peke yake haiokoi gazeti. Malipo yanayotegemea hiari ya mlipaji hukatwa siku anapochoka. Wenye magazeti wa mikoani Uingereza walipata vitu viwili kwa pamoja, chombo chao wenyewe na nauli iliyoandikwa katika sheria, na kimoja bila kingine kisingedumu. Denmark imeanza kuelekea huko: tangu 2021 wachapishaji wake wana chombo kimoja cha kujadiliana na makampuni haya. Nauli ndiyo bado.

Na wakati bado, mgogoro umehamia kwenye mitambo ya akili mnemba inayosoma magazeti na kumjibu msomaji bila kumfikisha gazetini. Associated Press iliuza haki ya kutumia sehemu ya hifadhi yake kwa OpenAI Julai 2023. New York Times ikaishtaki kampuni hiyo hiyo Desemba mwaka huo. Magazeti ya Kiswahili hayana mawakili wa kiwango hicho. Yana mali nyingine: Uhuru peke yake lina maandishi tangu 1961, na mitambo hiyo ina njaa ya Kiswahili kilichoandikwa vizuri. Gazeti moja likienda kuiuza hifadhi yake peke yake, bei itapangwa na mnunuzi, kama ilivyopangwa mwaka 1865.