Nguvu ya mafuta: Jinsi mitambo ya migodini Geita na Shinyanga inavyofanya kazi

Na Mwandishi Wetu

MITAMBO mikubwa inayochimba na kubeba mawe katika migodi ya Geita na Bulyanhulu huwashangaza wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza. Mwendeshaji mmoja, akiwa ameketi ndani ya kibanda chake, husukuma mkono mdogo wa chuma kwa vidole tu, na ndoo yenye uzito wa tani kadhaa hunyanyuka kana kwamba ni tupu.

Siri ya nguvu hiyo ni mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba. Mfumo huo huitwa haidroliki, na bila huo uchimbaji wa kisasa katika ukanda wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa usingewezekana kwa kiwango kinachoonekana leo. Hata hivyo, mfumo huo huo huweza kumkata kidole au kumuua fundi asiyeuelewa.

Kanuni ya Pascal

Msingi wa haidroliki ulielezwa katika karne ya 17 na mwanasayansi wa Ufaransa, Blaise Pascal. Alibainisha kuwa kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo kikisukumwa mahali pamoja, shinikizo lake husambaa kwa kiwango kilekile kila upande. Mwaka 1795, Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo.

Chukua mfano wa mitungi miwili iliyounganishwa kwa bomba na kujazwa mafuta. Mtungi mdogo una pistoni yenye eneo la sentimita 2 za mraba, na mkubwa una pistoni ya sentimita 200 za mraba. Ukiikandamiza pistoni ndogo kwa uzito wa kilo 10, ile kubwa itaweza kuinua kilo 1,000, kwa kuwa eneo lake ni kubwa mara 100.

Lakini hakuna kinachopatikana bure. Ili pistoni kubwa ipande sentimita moja, ndogo inapaswa kushuka sentimita 100. Ndiyo maana anayepandisha lori kwa jeki katika gereji za Kahama hupampu mara nyingi, huku lori likipanda kidogo kidogo.

Mafuta hutumika kwa sababu hayabanwi kirahisi, hulainisha vyuma na hayaleti kutu. Hapo ndipo haidroliki inapotofautiana na mashine za upepo wa kompresa zinazotumiwa na wachimbaji wadogo wengi kutoboa miamba. Upepo hubanika na kutanuka, hivyo hufaa kugongagonga, lakini si kushikilia mzigo mzito usitikisike.

Sehemu kuu za mfumo

Mfumo wa haidroliki, uwe wa greda, kijiko au tipa, una sehemu zinazofanana.

Tangi huhifadhi mafuta, huyapa nafasi ya kupoa na kuacha mapovu ya hewa yatoke.

Pampu, inayozungushwa na injini ya dizeli au mota ya umeme, huyavuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma mbele. Wengi hudhani pampu ndiyo inayotengeneza shinikizo. Ukweli ni kwamba pampu huleta mtiririko. Shinikizo hutokea pale mtiririko huo unapokutana na mzigo unaoupinga.

Vali za kuongoza ndizo zinazofunguka mwendeshaji anapogusa mikono ya kuendeshea. Huamua mafuta yaende wapi na kwa kasi gani. Vali ya usalama hufunguka shinikizo linapozidi kiwango kilichopangwa na kuyarudisha mafuta tangini. Bila vali hiyo, bomba au pampu ingepasuka.

Silinda hubadili shinikizo kuwa msukumo wa moja kwa moja, kama ule unaonyanyua ndoo. Mota ya haidroliki hubadili mtiririko kuwa mzunguko, kama ule unaozungusha minyororo ya kijiko.

Pamoja na hizo kuna mipira ya kupitishia mafuta, sili za kuzuia mvujo, filta na kipozeo. Baadhi ya mitambo ina pia chupa ya akiba yenye gesi ya naitrojeni, ambayo hutunza shinikizo hata baada ya injini kuzimwa.

Tani 110 kwa silinda moja

Vijiko vingi vikubwa hufanya kazi kwa shinikizo la hadi baa 350. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa zipatazo 2.3. Katika baa 350, kila sentimita ya mraba ya pistoni husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 350. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita 314 za mraba, hivyo silinda hiyo moja hutoa nguvu ya takriban tani 110.

Katika mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001 na ambao uchimbaji wake huenda zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, nguvu hiyo huingizwa katika mashine fupi zinazopita kwenye njia nyembamba. Mashine za kutoboa miamba hutumia haidroliki kugonga na kuzungusha nondo za kutobolea, na zile za kuzoa mawe huitumia kunyanyua ndoo na kukata kona. Katika mgodi wa Geita, uliofunguliwa rasmi mwaka 2000 kwa machimbo ya wazi na baadaye kuongeza uchimbaji wa chini ya ardhi, malori ya mawe hutegemea silinda za haidroliki kuinua bodi na kumwaga mzigo.

Vumbi na joto

Adui wa kwanza wa mfumo huu ni uchafu. Filta nzuri hunasa chembe za mikroni 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni zipatazo 70. Kwa hiyo vumbi linaloharibu pampu halionekani kwa macho. Katika miezi ya kiangazi, vumbi la barabara za Shinyanga na Geita hupenya kupitia kifuniko kilicholegea au ndoo chafu ya kuongezea mafuta.

Joto ni adui wa pili. Mafuta yakizidi nyuzi joto 80 kwa muda mrefu, huwa mepesi mno na sili hukakamaa. Maji ni adui wa tatu: mafuta yaliyogeuka rangi na kufanana na maziwa yameingiliwa na maji, na yanapaswa kubadilishwa.

Dalili humwelekeza fundi. Mtambo wenye nguvu lakini unaokwenda polepole mara nyingi una tatizo la mtiririko, pengine pampu iliyochakaa. Ule unaokwenda haraka lakini unashindwa mzigo huenda una vali ya usalama iliyolegea.

Tundu dogo, jeraha kubwa

Hatari isiyofahamika kwa wengi ni ya mvujo mdogo. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la ukubwa wa ncha ya sindano kwa shinikizo la juu hupenya ngozi na glavu. Mwanzoni jeraha huonekana kama mchomo mdogo usio na maumivu makali. Ndani ya saa chache mkono huvimba na nyama huanza kufa. Anayechelewa hospitali anaweza kukatwa kidole au mkono.

Kwa hiyo mvujo usitafutwe kwa kupapasa. Itumike karatasi ngumu au kipande cha ubao. Aliyechomwa apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe wazi kuwa ni mafuta ya shinikizo.

Kabla ya kufungua bomba lolote, ndoo au bodi ishushwe chini, injini izimwe, mikono ya kuendeshea ichezeshwe ili kuondoa shinikizo lililobaki, na chupa ya akiba ipunguzwe nguvu. Bodi ya tipa iliyoinuliwa ifungwe kwa nguzo ya chuma kabla ya mtu kuingia chini yake. Vivyo hivyo, gari lililoinuliwa kwa jeki liwekewe stendi, kwani sili moja ikikatika mafuta hutoka na mzigo wote hushuka papo hapo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha mazingira salama ya kazi, na vyuo vya VETA hutoa mafunzo ya ufundi wa mitambo. Kwa kijana anayetafuta ajira migodini, kuielewa haidroliki ni ujuzi wenye soko. Kwa aliyeko tayari gerejini, ni kinga ya mikono anayoitegemea kwa riziki yake.