Lango la Pamoja: Vyuo Vikuu na Historia ya Saketi Ndogo

Transista ya kwanza ilionyeshwa mwezi Desemba 1947 katika maabara za Bell, nchini Marekani, nayo ilitengenezwa kwa gerimaniamu. Katika miaka ya 1950, mgodi wa Kipushi, jirani na mji wa Lubumbashi, ulikuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya madini hayo duniani. Kongo basi iliingia mapema katika historia ya elektroniki, lakini kwa njia ya mawe, si ya maarifa. Makala haya yanachunguza jinsi vyuo vikuu vya mahali pengine vilivyoyapata maarifa hayo.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa gharama. Saketi unganishi huchorwa tabaka juu ya tabaka kwenye bapa jembamba la silikoni, ndani ya vyumba visivyo na vumbi. Ni idara chache tu za vyuo zilizoweza kuendesha maabara ya namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wake. Kwa sababu hiyo ubunifu wa saketi ulibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa makampuni.

Mwaka 1978 Lynn Conway, mtafiti wa kampuni ya Xerox, alifundisha somo la ubunifu huo katika chuo cha MIT, na saketi za wanafunzi zikatengenezwa kweli. Mwaka uliofuata jaribio lilipanuliwa: vyuo kadhaa vilituma michoro yao kwa mtandao wa ARPANET, ikakusanywa juu ya mabapa machache, na gharama ikagawanywa kama nauli ya wasafiri wa lori moja. Mwaka 1981 serikali, kwa njia ya wakala wake wa utafiti wa ulinzi, iligharimia huduma ya kudumu iliyoitwa MOSIS, katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka huohuo Ufaransa ilianzisha huduma ya CMP mjini Grenoble. Kanada ilifuata mwaka 1984 kwa shirika lililowekwa mjini Kingston.

Matunda ya biashara hayakuchelewa. Miongoni mwa michoro ya mwaka 1979 ulikuwamo wa James Clark, mwalimu wa Stanford, wa saketi ya kukokotoa maumbo ya picha. Wazo hilo ndilo lililozaa kampuni ya Silicon Graphics. Tuzingatie jambo hili: taifa halikumteua mshindi. Lilipunguza bei ya kukosea, hata mwalimu akaweza kulipima wazo lake kabla ya kutafuta mtaji.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kushirikiana peke yake kunatosha. MOSIS haikumiliki kiwanda; ilinunua nafasi katika viwanda vilivyokuwapo, nayo ilitegemea umeme na mtandao wa uhakika. Lakini sehemu ya kwanza ya kazi, yaani kufundisha ubunifu, kuchangia programu na kuagiza kwa pamoja, haihitaji kiwanda. Vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kinshasa na Kisangani vikiagiza kila kimoja peke yake, bei itavishinda vyote.

Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kuzalisha mwaka 2024. Lori za madini zimerudi barabarani. Michoro ya wanafunzi wetu bado inasubiri lango lake.