Ramli na Picha: Wasiwasi wa Maradhi katika Nchi ya Simiyu

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachobeba mizigo mingi. Tunapiga ramli, tunapiga bao, tunapiga falaki. Na tangu mashine za hospitali zilipotufikia, tunapiga picha ya kifua, ya tumbo na ya kichwa. Sidhani kuwa wahenga walikusudia kuwakalisha mganga na daktari juu ya jamvi moja. Hata hivyo, mwenye kuifuatilia historia ya Usukuma, hasa upande wa Bariadi, ataona kuwa kitenzi hicho hakikukosea sana. Kwa mganga na kwa daktari, mja hutafuta kulitazama lisiloonekana, ili moyo upate kutulia.

Mkoa wa Simiyu ni mchanga kwa jina tu. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega ardhi ya Shinyanga na Mwanza, ukakusanya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ukapewa jina la mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Nchi yenyewe ni kongwe: nchi ya pamba, ya ng'ombe, na ya mashindano ya ngoma baina ya Wagika na Wagalu. Ni nchi pia ya bafumu, yaani waganga waaguzi, ambao watafiti wameandika habari zao kwa miongo mingi.

Nfumu wa Kisukuma alikuwa na njia yake ya kutazama ndani ya mwili. Mtu aliyeshikwa na maradhi yasiyoeleweka alileta kifaranga cha kuku, mate yake yakaunganishwa na kiumbe hicho, na kwa hayo mate hali ya mgonjwa ikaaminiwa kuhamia humo. Kifaranga kikapasuliwa, nfumu akasoma alama katika mbawa, mifupa na matumbo yake. Mwili wa kuku ukawa kioo cha mwili wa mtu. Alama moja ilisemwa kuwa ni ya masamva, yaani mizimu ya wazazi waliosahauliwa. Nyingine ilisemwa kuwa ni ya hasidi. Wala haikuwa ajabu kwa jamaa kumwendea nfumu wa pili na wa tatu ili kulinganisha kauli zao.

Sasa na tuvuke bahari. Mwezi Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Mwezi uliofuata akaupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Inasimuliwa kuwa bibi huyo, alipoiona mifupa yake na pete ikielea kidoleni, alihisi kuwa amekiona kifo chake. Tangu siku zake za mwanzo, basi, picha hiyo ilikuja na fundo la hofu. Baadaye Ian Donald na wenzake wa Glasgow walieneza matumizi ya mawimbi ya sauti kwa makala yao ya mwaka 1958, nasi leo tunaita altrasaundi. Mwaka 1971, jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ile tunayoiita siti-skani.

Mwaka huohuo wa 1971 Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza, na kwa watu wa Bariadi safari ya kupitia Lamadi na Magu ikawa safari ya matumaini. Vipimo vikubwa vilibaki mbali kwa miaka mingi. Hata Muhimbili, Novemba 2015, Rais John Magufuli aliingia bila taarifa akakuta mashine za MRI na siti-skani hazifanyi kazi, na bodi ya hospitali ikavunjwa. Mwaka 2021, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 ilitengwa kununua mashine za siti-skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kipimo kilichokuwa cha wachache kikaanza kumsogelea mkulima wa pamba.

Tofauti ya ramli na picha si ndogo, na haifai kufichwa. Ramli hujibu swali la "nani", na jibu hilo limemwaga damu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake, vikongwe wengi waliuawa kwa kutajwa kuwa wachawi, wakati mwingine kwa sababu ya wekundu wa macho tu. Na macho hayo mara nyingi yaliwiva kwa moshi wa jikoni. Msomi Simeon Mesaki ameyaandika hayo kwa kirefu. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Picha haimtaji jirani wa mtu. Hujibu swali la "nini", na aliyewahishwa kwa kipimo kabla uvimbe haujaenea anaijua thamani yake.

Lakini lipo swali la tatu, ambalo ramli na picha zote mbili hushindwa kulijibu: "Je, niko salama?" Mwenye wasiwasi huambiwa, "Hatukuona kitu," akalala usingizi wiki moja, kisha moyo ukamnong'oneza: labda mashine ilikosea, labda walitazama upande mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hurudi tena, akauza mbuzi, akapigwa picha nyingine. Na picha nyingi huibua vivuli vidogo visivyo na madhara, navyo vikazaa hofu mpya. Hapo hafanani na mtafuta tiba; amefanana na yule aliyezunguka kwa bafumu watatu.

Neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na wasomi wa Kiislamu waliutambua ugonjwa wake zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake juu ya afya ya miili na nafsi, aliutengea wasiwasi sura yake, na akamshauri mwenye nao aepuke upweke.

Hapo ndipo nfumu, pamoja na makosa yake yote, alipokuwa na kitu ambacho mashine haina. Aliketi na mgonjwa mbele ya jamaa zake, akazungumza. Picha haina ulimi. Husubiri mtu aifasiri, naye mfasiri akiwa na foleni ndefu mlangoni humpa mgonjwa bahasha na maneno mawili. Kazi yangu ya miaka mingi ni kufasiri, na najua kuwa matini isiyofafanuliwa hujazwa na hofu ya msomaji. Mashine zimefika, na ni heri. Zikiongezwa, basi na aongezwe pia wa kuketi na mgonjwa wa Bariadi, amweleze kwa lugha yake kilichoonekana, kisichoonekana, na kile ambacho hakuna picha itakayokionyesha kamwe.