Utamaduni wa Kigiriki katika Roma ya Kale

Utamaduni wa Kigiriki ulienea Roma kwa kasi zaidi kupitia vita. Tarentum, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, ulitekwa na Waroma mwaka 272 KK. Miaka sitini hivi baadaye jemadari Marcellus aliiteka Syracuse, mji mwingine wa Wagiriki, akasomba sanamu na michoro yake. Baada ya pigano la Pydna, 168 KK, jemadari Aemilius Paullus aliwapa wanawe vitabu vya mfalme Perseus wa Makedonia.

Pamoja na ngawira walikuja watu, na mchango wao ulikuwa mkubwa kuliko wa sanamu zote. Livius Andronicus, ambaye kwa mapokeo alikuwa mateka kutoka Tarentum, alifundisha watoto wa wakubwa, akatafsiri utenzi wa Odisei kwa Kilatini, na mwaka 240 KK akaonyesha tamthilia mbele ya Waroma. Historia ya fasihi ya Kilatini huanzia kwake. Watunzi wa tamthilia Plautus na Terence, huyu wa pili akisemekana kuzaliwa Karthago na kufika Roma akiwa mtumwa, walifuata njia hiyo: waigizaji walivaa majoho ya Kigiriki, kisa kikawekwa Athens, huku watazamaji wakicheka mambo ya kwao.

Si wote waliofurahi. Mwaka 155 KK Athens ilituma wanafalsafa watatu kuomba ipunguziwe faini. Mmoja wao, Carneades, alitetea haki siku moja, na kesho yake akazibomoa hoja zake mwenyewe. Vijana walimiminika kumsikiliza. Seneta Cato Mzee alishtuka, akalihimiza Baraza la Seneti limalize shauri lao upesi ili warudi kwao. Hofu yake haikuwa ya mjinga: Cato alikijua Kigiriki, ila alipohutubia Athens mwaka 191 KK alichagua Kilatini na mkalimani.

Katika vita hiyo dhidi ya utamaduni wa Kigiriki, Cato alishindwa. Msemaji Cicero alikwenda kusoma Athens na Rhodes, na vijana wengi wa tabaka lake wakafanya vivyo hivyo. Sheria, hata hivyo, ilibaki kazi ya Waroma wenyewe kwa sehemu kubwa.

Katika karne ya 2 BK kaisari Marcus Aurelius, akiwa vitani karibu na mto Danube, aliandika tafakuri zake za faragha kwa Kigiriki. Daktari wake, Galen wa Pergamon, aliandika vitabu vyake vya tiba kwa lugha hiyohiyo.