Katambuga

Katambuga ni viatu vya wazi vinavyotengenezwa kwa mpira wa matairi chakavu ya magari. Nchini Kenya hujulikana zaidi kwa jina la akala. Huvaliwa na wakulima, wafugaji na waendesha baiskeli katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, ukiwemo Mkoa wa Tabora na maeneo mengine ya magharibi mwa Tanzania yaliyopitiwa zamani na njia ya misafara.

Zisichanganywe na kandambili, ambazo ni viatu vyepesi vya kiwandani vyenye kanda mbili zinazokutana kati ya kidole gumba na kidole cha pili, wala na makubazi ya pwani, ambayo hushonwa kwa ngozi.

Kabla ya tairi

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ulikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na wote ulikwenda kwa miguu. Richard Burton na John Speke walifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, mnamo Novemba 1857. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila 2, yaani takriban kilo 32, mbali na mkeka, chungu na chakula cha mpagazi mwenyewe.

Wapagazi wengi walitembea pekupeku. Waliovaa viatu walitumia kipande cha ngozi ya ng'ombe au ya mnyama wa porini, kilichokatwa kwa kufuata unyayo na kufungwa kwa vikanda vya ngozi. Viatu hivyo vilisaidia kwenye mawe, miiba na mchanga wa moto, lakini ngozi isiyolainishwa vizuri ina kasoro kubwa: ikilowa hulegea na kuteleza, na ikikauka hukakamaa na kujikunja. Katika mbuga za Unyamwezi, ambazo hujaa maji wakati wa masika, haikuwa na faida. Kidonda cha mguu hakikuwa jambo dogo kwa mtu wa safari. Mpagazi aliyeshindwa kutembea aliweza kuachwa nyuma, akakosa ujira wake au hata uhai.

Hatari iliongezeka baada ya 1872. Mwaka huo meli kutoka Brazil ilileta funza (jina la kisayansi Tunga penetrans, huitwa pia tekenya) katika bandari ya Ambriz nchini Angola. Mdudu huyu ni aina ya kiroboto. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu, hasa kando ya kucha, na kuvimba akiwa amejaa mayai. Alisambaa kwa kufuata njia za wasafiri kutoka magharibi hadi mashariki mwa bara, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Misafara iliyounganisha miji na maziwa ndiyo iliyombeba.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya misafara mirefu ikafifia. Upagazi wenyewe haukwisha mara moja, kwani Vita Vikuu vya Kwanza vilichukua wapagazi kwa maelfu mengi. Lakini magari yalipoenea ndipo mali mpya ilipopatikana: tairi lililokwisha.

Utengenezaji

Fundi huchagua tairi kwanza. Matairi ya kisasa yenye nyaya za chuma ndani ya sehemu inayokanyaga barabara hayafai sana, kwa sababu hukataa kisu na ncha za nyaya huweza kuchoma mguu. Yanayopendwa ni yale yenye tabaka za nyuzi za kitambaa au nailoni. Tabaka hizo huweza kuchanwa moja moja hadi soli ifikie unene unaotakiwa.

Mteja husimama juu ya kipande cha mpira au cha karatasi na fundi huchora unyayo wake kwa chaki. Ukataji hufanywa kwa kisu kikali kinacholoweshwa maji mara kwa mara, kwani mpira mkavu hukishika kisu. Kisha hutobolewa mipasuo kwa patasi nyembamba pembeni mwa soli. Kanda huingizwa humo na kupigiliwa misumari midogo, ambayo ncha zake hukunjwa. Hapa ndipo fundi hodari hutambulikana: msumari usiokunjwa vizuri hujitokeza baada ya wiki chache. Kanda hukatwa kutoka tabaka za ndani za tairi, ambazo ni nyembamba, au kutoka tyubu.

Tairi lina mviringo, hivyo soli mpya huwa imepinda mbele na nyuma. Hunyooka kidogo kwa kuvaliwa, ingawa haiwi bapa kabisa.

Ufungaji

Katambuga nyingi huwa na kanda mbili zinazopishana juu ya mguu na ukanda mmoja nyuma ya kisigino. Ukanda wa kisigino una maana zaidi kuliko unavyoonekana. Bila huo kiatu hubaki matopeni mguu unaponyanyuliwa, na mwendesha baiskeli hukipoteza kwenye pedeli. Ukiwa wa tyubu huvutika, kwa hiyo mvaaji huupitisha kisiginoni kwa kidole kimoja bila kufungua wala kufunga kitu.

Tyubu hutumika vivyo hivyo kwenye viatu vya kamba. Kamba ikikatika, ukanda mwembamba wa tyubu hupitishwa kwenye matundu na kufungwa fundo la kudumu, na tangu hapo kiatu huvaliwa kwa kutumbukiza mguu tu. Wanamichezo wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo ulioingia kwenye Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, hufanya jambo lilelile kwa sababu nyingine: saa haisimami wanapobadilisha viatu. Mwenye viatu vya baiskeli vya kamba huondoa kamba na kuweka za mpira, hushona kitanzi nyuma ya kisigino ili avute kiatu kwa kidole, na pengine hutoboa matundu kwenye soli ili maji yatoke. Katambuga ina kitanzi na uwazi huo tangu inapotoka kwa fundi.

Mpira unaovutika una kasoro yake. Ukikazwa sana huzuia damu na kuchubua ngozi, na ukilegea mguu huteleza mbele. Jua pia huupasua polepole.

Faida na hasara

Soli ya tairi hudumu miaka, haipenywi kirahisi na miiba, na hushika vizuri kwenye pedeli. Huonekana pia ikitumiwa kusimamisha baiskeli isiyo na breki, kwa kukandamiza unyayo kwenye gurudumu. Ni desturi ya hatari, hasa kwa baiskeli iliyobeba mkaa au maji mteremkoni. Tairi lililogeuzwa kiatu pia haliachwi nje likusanye maji ya mvua, ambamo mbu huzaliana.

Kwa upande mwingine ni nzito, na haizuii funza kikamilifu kwa sababu vidole na kisigino hubaki wazi. Jeraha la msumari au mwiba linahitaji kuoshwa na kupelekwa zahanati kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Kwingineko

Viatu vya namna hii vilivaliwa na wapiganaji wa Vietnam katika vita dhidi ya Wafaransa na baadaye Wamarekani. Huko Mexico, Wararamuri, wanaosifika kwa kukimbia masafa marefu milimani, hutumia soli ya tairi mahali pa ngozi ya zamani.