Vitambaa Vipitishavyo Umeme

Vitambaa vipitishavyo umeme ni vitambaa vilivyotengenezwa ili mkondo wa umeme upite katika nyuzi zake, huku vikibaki laini na vya kuvalika. Pamba na poliesta kwa asili ni vihami. Njia ya zamani ni kufuma nyuzi za shaba au fedha humo. Zinapitisha umeme vizuri, lakini hukikakamaza kitambaa na hukatika kwa kukunjwakunjwa.

Njia nyingine ilifunguka mwaka 1977, pale Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walipoonyesha kwamba polima iitwayo poliasetilini, ikitiwa iodini, huongeza upitishaji wake mara mamilioni. Walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2000. Poliasetilini huharibika upesi hewani, hivyo watafiti wa nguo waliegemea polima nyingine: polipiroli, polianilini na PEDOT. Kitambaa kikilowekwa katika maji yenye piroli na kloridi ya chuma, polipiroli hujijenga juu ya kila uzi, na kitambaa hutoka cheusi.

Njia ya tatu hutumia grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Ilitengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliobandua kinywe kwa utepe wa gundi. Ni kinywe kilekile kinachopatikana Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania. Kwa kuwa grafini haichanganyiki na maji, kinywe hugeuzwa kwanza kuwa oksidi ya grafini, ambayo husambaa majini. Kitambaa huchovywa humo na kukaushwa, mara kadhaa. Oksidi hiyo haipitishi umeme mpaka ipunguzwe oksijeni. Kemikali iitwayo haidrazini hufanya kazi hiyo lakini ni sumu. Vitamini C ni salama zaidi, na ndiyo inayofaa kupewa kipaumbele kwa vazi litakalogusa ngozi.

Katika mji wa viwanda vya nguo wa Alcoi, Hispania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Valencia wamepaka poliesta polipiroli pamoja na oksidi ya grafini. Vitambaa vya aina hii vinachunguzwa kwa ajili ya kupima mapigo ya moyo, kupasha mwili joto na kuhifadhi chaji. Kitambaa kikivutwa, ukinzani wake hubadilika, na badiliko hilo huweza kuonyesha mwendo wa kiungo au wa pumzi.

Tatizo kubwa ni kufua. Sabuni nyingi zina ualkali, nao huondoa chaji zinazoiwezesha polipiroli au polianilini kupitisha umeme. Grafini hustahimili ualkali, lakini vipande vyake huachana au kubanduka kitambaa kinaposuguliwa. Kuunganisha polima hizo na grafini kunasaidia, ingawa hakujamaliza tatizo. Kwa hiyo msomaji akutanapo na sifa za kitambaa kipya cha namna hii, aulize kwanza kimefuliwa mara ngapi, na baada ya hapo kilipitisha umeme kiasi gani.