Mtoto anayekojoa kitandani: kengele ya unyevu inavyomsaidia

Watoto wengi wadogo hukojoa kitandani. Hali ikiendelea baada ya miaka 5, mtoto huanza kuona aibu: hataki kwenda kulala kwa bibi, wala kusikia habari za shule ya bweni. Wapo wanaochapwa, wapo wanaobebeshwa godoro mbele za watu. Ndugu msikilizaji, mtoto huyu hafanyi makusudi. Kibofu kinajaa, naye amelala fofofo, haamki. Mara nyingi ni hali ya kurithi; huenda hata baba au mama aliipitia.

Kengele inavyofanya kazi

Ni kifaa kidogo cha betri. Kipo cha kubana kwenye chupi, na kipo cha kutandika chini ya shuka. Mkojo hupitisha umeme, hivyo matone ya kwanza yakigusa kifaa, kengele hulia. Umeme wake ni mdogo sana, haumrushi mtoto.

Kengele haizuii mkojo. Inamzoesha mtoto kuamka kibofu kinapojaa, au kubana mpaka asubuhi. Wanasaikolojia Hobart na Willie Mowrer wa Marekani waliieleza njia hii mwaka 1938, na inatumika mpaka leo. Takribani watoto 2 kati ya 3 wanaoitumia hufanikiwa.

Kazi ya mzazi

Siku za mwanzo kengele inaweza kuamsha nyumba nzima isipokuwa mtoto mwenyewe. Mwamshe kabisa, aizime kwa mkono wake, aende kumalizia kukojoa, kisha asaidie kubadili shuka na kengele iwashwe tena. Iwe hivyo kila usiku, bila ukali. Kazi hii huchukua miezi 2 hadi 3. Endeleeni mpaka apate siku 14 mfululizo akiamka mkavu. Akirudia baadaye, anzeni tena.

Kama huna kengele

Mtoto anywe maji ya kutosha mchana, apunguze muda wa saa 2 kabla ya kulala. Jioni asipewe chai ya majani wala kahawa. Akojoe kabla ya kupanda kitandani. Kama choo kiko nje karibu na migomba, giza humtisha: mwekee ndoo yenye mfuniko na tochi. Akipata choo kigumu, atibiwe, maana tumbo lililojaa hubana kibofu.

Kumwamsha kila siku saa ileile huokoa godoro usiku huo, lakini hakumfundishi kuamka mwenyewe.

Mpeleke hospitali

Usisubiri kengele kama mtoto ana maumivu akikojoa, mkojo una damu, anajikojolea hata mchana, au ameanza tena baada ya miezi 6 ya kuwa mkavu. Kiu kali pamoja na kukonda inaweza kuwa kisukari. Apelekwe siku hiyohiyo. Kwa wakazi wa Kamachumu, Hospitali ya Ndolage iko karibu.

Fimbo haijawahi kumwamsha mtoto aliyelala. Humwongezea hofu tu.